Nyuzi za Bibi

Somanda, Bariadi
Ijumaa, saa tisa alasiri

Mwanangu Kabula,

Umeenda kusuka, na ninavyomjua huyo msusi wako hutarudi kabla ya saa kumi na mbili. Mama yako anapanga begi lako kwa mara ya tatu. Bibi yako, aliyekuja kukuaga, amekaa kwenye kizingiti cha jikoni anapukuchua mahindi. Mama yako alimpa ungo wa choroko unazoondoka nazo azichague, akakataa, akasema mpeni mwenye macho. Mimi nimejifungia chumbani na kalamu ya kusahihishia, kwa sababu ya bluu imekwisha wino, kwa hiyo utanivumilia kusoma barua nyekundu. Usiogope, hakuna alama humu.

Kesho alfajiri unapanda basi. Habari za chakula, simu, watu wa kuwaepuka na mlango wa kufunga, mama yako amekwisha kuzisema, nami nimekuona wiki nzima ukiitikia "sawa mama" huku akili imeshafika Dar es Salaam. Sitazirudia. Nina jambo moja tu, nalo linahusu nyuzi za bibi.

Jumapili tulipowaita majirani kukuaga, ulisimama ukaulizwa kwa nini umechagua uhandisi wa nguo wakati wenzako wanakimbilia udaktari. Ukajibu vizuri, ukiwa umemshika bibi yako bega. Ulisema, "Ni kwa sababu ya bibi. Yeye ndiye aliyetia sandarusi kwenye pamba ya kikundi kizima, mimi naenda kujifunza kuitoa." Watu wakacheka mpaka mwenye soda akaimwaga. Bibi naye alicheka, ameziba mdomo na ncha ya khanga. Ulisema kwa mapenzi, najua. Katika nyumba hii unywele ukikutwa kwenye ugali ni nyuzi za bibi, shati likifumuka ni nyuzi za bibi, na wewe umekulia kwenye utani huo.

Bibi yako hakutia sandarusi kwenye pamba ya mtu. Nilitia mimi.

Nimekaa na sentensi hiyo miaka kumi na moja, na sasa nimeiandika kwa dakika moja. Nitakueleza ilivyokuwa, na itabidi nipite kwenye kemia, kwa kuwa kosa lenyewe lilikuwa la kemia kabla halijawa la ulimi. Mengi ya haya unayajua, nilikufundisha mwenyewe. Nakuandikia ili ujue mimi nilikuwa najua nini, na tangu lini.

Mwaka huo ulikuwa darasa la tatu. Babu yako alikuwa amefariki, na bibi aliendelea kulima pamba kijijini Ipililo peke yake, mimi nikienda Jumamosi na Jumapili. Kikundi cha wakulima kilinichagua kuwa katibu, si kwa sababu nilijua kulima, bali kwa sababu nilikuwa mwalimu na mwandiko wangu unasomeka. Kichwa kikavimba. Mwalimu wa kemia, katibu wa kikundi, mwenye pikipiki. Ungeniona nikisalimia watu barabarani ungefikiri nagombea kitu.

Bibi alikuwa na namna yake ya kuchuma. Alijifunga kiunoni shuka kuukuu la pamba, ncha mbili zikiwa zimefungwa zikafanya mfuko mbele. Pamba safi iliingia huko. Pamba fifi, ile chafu na yenye madoa, aliishika mkono wa kushoto mpaka ijae ndipo aitie kwenye kikapu. Shuka likijaa anakwenda kumwaga kwenye jamvi, anatazama, anatoa jani, anatoa kikonyo, anarudi. Nilimtazama Jumamosi moja nikaona anapoteza muda. Kila safari ya kwenda kwenye jamvi niliihesabu kama upungufu.

Nikaja mjini, dukani kwa Mzee Salum, yule aliyekuwa anauza viroba na kamba karibu na stendi. Viroba vipya vilikuwa vimekwisha. Vilivyobaki vilikuwa vya sandarusi vilivyotumika, vyeupe vyenye mistari ya bluu, alivyokuwa amevilundika juu ya paa la bati kiangazi chote. Nikamwambia anipe hivyo hivyo. Akasita. Mzee yule hakuwa mtu wa kukataa biashara, lakini alishika kimoja akakikunja mbele yangu, kikaacha unga mweupe kwenye vidole vyake.

"Mwalimu, hivi ni vya mkaa," akasema. "Vimeliwa na jua."

"Plastiki haiozi, mzee," nikamjibu. "Hiyo ndiyo sifa yake."

Akacheka, akanifungia. Nilikuwa na shahada, Kabula. Mtu aliyekuwa ameshika ushahidi vidoleni nilimfundisha sifa ya plastiki.

Sasa sikiliza kilichokuwa kwenye vidole vya Mzee Salum. Sandarusi, hiyo plastiki ya viroba, inaanza kama gesi, propini. Molekuli yake ni ndogo, kaboni tatu na hidrojeni sita. Kaboni mbili kati ya hizo zimeshikana kwa mikono miwili miwili, na huo mkono wa pili ndio mwanzo wa shughuli yote. Kichocheo kikiwekwa, mkono wa pili unaachia, unamshika jirani. Jirani naye ili ashikwe inabidi aachie mkono wake wa pili, nao unamtafuta wa mbele yake. Hivyo hivyo, maelfu, kwa muda mfupi kuliko wa kuisoma sentensi hii. Hakuna kilichoongezwa wala kilichotupwa. Mikono tu imebadilisha wa kumshika, na gesi imekuwa kitu kigumu unachoweza kukikalia. Monoma nyingi, polima moja.

Kiwandani wanaiyeyusha, wanaitandaza nyembamba, wanaikata vipande kama utepe, kisha wanauvuta utepe ule kwa nguvu. Kuvuta ndiko kunakoilaza minyororo yote upande mmoja. Ndiyo maana kiroba kinabeba gunia la mahindi bila kukatika, na ndiyo maana hiyo hiyo utepe wake ukichoka hauraruki kwa upana, unachanika kwa urefu, uzi mwembamba baada ya uzi mwembamba. Minyororo imelala pamoja lakini haikushikana ubavuni.

Na jua? Kila kaboni ya pili kwenye mnyororo ule imebeba kitawi, na hidrojeni iliyo pale kwenye kitawi haikushikwa kwa nguvu sana. Mwanga mkali wa jua unaing'oa, oksijeni ya hewani inaingia mahali pake, na mnyororo unakatika hapo. Mnyororo wa maelfu unakuwa vipande vya mamia. Vipande vifupi haviwezi kujisokota na wenzao vikashikana, vinaachana, vinakuwa unga. Haiozi, ni kweli. Inakatika. Mambo haya yalikuwa kwenye kitabu nilichokuwa nafundishia, ukurasa ambao huwa tunauruka kwa sababu haujawahi kutoka kwenye mtihani.

Habari ya mtihani inanikumbusha aibu nyingine ndogo. Miezi michache kabla ya mavuno yale, binti mmoja wa kidato cha nne alinyoosha mkono. Nilikuwa nimetoka kuandika ubaoni orodha ya polima, za asili upande huu, za viwandani upande ule, pamba huku, sandarusi kule. Akauliza kama zote ni minyororo, kwa nini khanga inashika rangi na kiroba hakishiki, mpaka mistari ya kiroba watie rangi kabla hakijafumwa. Nikamwambia hilo halimo kwenye mtaala, akae chini. Sikumpa adhabu wala sikumtukana. Sikuwa najua jibu, na badala ya kusema sijui nikasema halimo.

Jibu lake ni hili, na ninatamani ningelimpa. Pamba ni glukosi, sukari ambayo mmea unaitengeneza kwenye jani kwa maji, hewa na jua. Glukosi hazijiungi kwa kuachia mkono wa pili kama propini. Zinajiunga kwa kutoa: hii inaacha hidrojeni na oksijeni yake, ile inaacha hidrojeni, vilivyoachwa vinakuwa molekuli ya maji, na pale palipobaki wazi zinashikana. Kila kiungo, tone lisiloonekana la maji. Maelfu ya viungo katika mnyororo mmoja, mamilioni ya minyororo katika unyuzi mmoja, na unyuzi huo uko kwenye tumba moja la pamba, na bibi yako alikuwa anachuma eka mbili. Ukimaliza kuunganisha, kila glukosi bado ina mikono mitatu ya oksijeni na hidrojeni iliyo wazi. Hiyo inashikana na mnyororo wa pembeni, inashika jasho lako, inashika maji ya kufulia, inashika rangi. Sandarusi ni kaboni na hidrojeni tu kuanzia mwanzo hadi mwisho, haina mkono wa kumpa mtu. Rangi inapita.

Na kwa kuwa unapenda kuuliza, glukosi hiyo hiyo ndiyo iliyo kwenye ugali. Kwenye wanga zimeunganishwa zote zikitazama upande mmoja, mnyororo ukajisokota, na tumbo lako lina vitu vya kuukata. Kwenye selulosi ya pamba kila moja imegeuzwa kinyume cha jirani yake, mnyororo ukanyooka, na tumbo lako haliuwezi. Ng'ombe nao hawauwezi, wamekaribisha tumboni wadudu wasioonekana wanaowafanyia kazi. Tofauti ya chakula na nguo ni namna ya kugeuka. Sijawahi kuacha kushangaa jambo hilo, hata mwaka ambao nilichukia kazi yangu.

Turudi Ipililo. Nilimpelekea bibi viroba, nikamwambia aache shuka. Akavigusa, hakuvipenda. Tafadhali usije ukamfanya bibi yako mjuzi wa kale aliyejua siri ya sayansi, watu wa mjini wanapenda hadithi za namna hiyo. Hakujua lolote. Alisema vinapiga kelele anapotembea, na kwamba pamba inamng'ang'ania mikononi akiitia humo. Hilo la pili lilikuwa umeme wa msuguano, ningeweza kumweleza, sikujisumbua. Nilimwambia mama, hii ndiyo njia ya kisasa, utamaliza shamba kwa nusu ya siku zako. Akasema haya, wewe ndiye uliyesoma. Akalikunja shuka lake akaliweka.

Alimaliza mapema kweli. Tulipeleka pamba kwenye ghala la chama cha ushirika nikiwa mbele na pikipiki. Wenzetu walileta kwenye mashuka, sisi peke yetu kwenye viroba. Tukaimwaga yetu kwenye lundo la kikundi, na mimi katibu nikaandika kila mtu alicholeta.

Siku ya tatu akaja mkaguzi kutoka kiwanda cha kuchambulia pamba, mtu mpole, mwenye kofia. Alichota pamba kwa mikono miwili, akaifungua mbele ya mwanga, akatoa unyuzi wa bluu, mwingine, na mwingine tena. Kisha akatoa mfukoni kipande cha kitambaa chekundu kilichokuwa na michirizi myeupe, mingi, kama mikwaruzo ya paka. Akatueleza kuwa nyuzi za bluu zinaonekana, mtu anazitoa. Nyeupe hazionekani. Zinachambuliwa pamoja na pamba, zinasokotwa pamoja nayo, zinafumwa, na siku nguo inapotiwa rangi ndipo zinajitokeza, na nguo nzima inatupwa. Binti wa kidato cha nne alikuwa amejibiwa, ila hakuwepo kusikia.

Mkaguzi akaona viroba vyetu vimekunjwa pembeni, akakikunja kimoja. Unga ukabaki kwenye vidole vyake, kama kwa Mzee Salum.

"Nani ameleta pamba kwenye hivi?"

Watu waligeuka. Bibi yako alikuwa amesimama nyuma pamoja na wanawake wenzake. Nilikuwa na daftari mkononi na watu wapatao arobaini wananitazama, wote wakiniita mwalimu. Nakumbuka niliona viatu vyangu vimeng'aa.

"Ni mama yangu," nikasema. "Ni mtu mzima, macho yake siku hizi hayaoni vizuri. Tumvumilie."

Utaona hakuna uongo ulionyooka humo isipokuwa la macho. Alileta yeye, ni kweli. Ni mtu mzima, ni kweli. Hata la macho nilijiambia kuwa mtu wa umri wake lazima yatakuwa yamepungua. Yeye alifumbua mdomo kidogo, akanitazama, kisha akatazama mikono yake akaiingiza ndani ya khanga. Mkaguzi akasema pole mama, wazee wetu wote wako hivyo.

Wanawake wa kikundi walilitandaza lundo lote juani wakatoa nyuzi kwa vidole, siku nne, wakati kwao mahindi na watoto vinawangoja. Bibi alikwenda nao siku ya kwanza. Siku ya pili mmoja akamwambia kwa wema, mayu, mama yetu, wewe kaa kivulini, macho yako yatatuachia nyingine. Pamba yote ilipokelewa kama fifi. Hakuna aliyemtukana, watu wetu wakiwa na uchungu wanatania, na huko ndiko nyuzi za bibi zilikozaliwa. Mimi ndiye niliyezibeba nikazileta nyumbani, nikazisema kwanza mezani, ukacheka, ukazishika.

Msimu uliofuata bibi hakulima pamba. Alipanda viazi vitamu, na mpaka leo ni viazi, hiyo michembe, viazi vilivyokaushwa, unayoondoka nayo imetoka huko. Nilisema amechoka. Nilisema ni vizuri, viazi havina dawa nyingi.

Baada ya hapo nikarudi kwenye vitabu, nikavisoma kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Nikaacha kufundisha kwa orodha. Unalikumbuka somo la uwanjani, nilipowasimamisha mkashikana mikono miwili miwili, nikasema achia mmoja, shika wa mbele? Hilo lilitokana na mwaka ule. Wanafunzi wakaanza kufaulu, nikasifiwa kwenye vikao. Na kila mwaka nikifika kwenye mada hiyo, naanza na hadithi ya bibi mmoja wa Ipililo asiyejua kemia, aliyechumia pamba kwenye viroba vilivyoliwa na jua. Darasa linacheka, linaelewa, halisahau. Mwaka wako ulikaa mstari wa tatu, ukacheka kwa kujidai, kwa kuwa wewe ndiye uliyekuwa unamjua huyo bibi. Nilifundisha dakika arobaini bila kutazama mstari wa tatu.

Utauliza nililalaje. Nililala vizuri. Nilijiambia kuwa mama anajua, kwamba siku ile alipofumbua mdomo akaufumba aliamua kunisitiri, kama mama anavyomsitiri mwanawe, na kwamba limekwisha baina yetu bila maneno. Nililipenda wazo hilo. Lilinifanya mwana anayependwa badala ya mtu aliyemsingizia mama yake mbele ya kijiji.

Usitafute fumbo la maisha kwenye minyororo hii, Kabula. Wahubiri wanaipenda minyororo, mimi nimechoka nayo. Kiroba ni kiroba. Nitatoa mfano mmoja tu kisha ninyamaze. Beseni la plastiki likipinda unalipasha moto, minyororo yake inateleza, unalinyoosha, likipoa linabaki ulivyolinyoosha. Hata hizo nywele za bandia unazosukwa sasa hivi, msusi atazichovya ncha kwenye maji ya moto kwa sababu hiyo hiyo. Lakini mpini mweusi wa sufuria haupindiki tena. Ulipotengenezwa, minyororo yake ilifungwa pia kwa ubavu, huu na huu, kila upande, na ukiupasha moto utaungua kabla haujalainika. Miaka yote nilifikiri kosa langu ni la aina ya beseni, kwamba siku yoyote nikitaka nitalipasha nilinyooshe. Jumapili nilipokuona umemshika bibi bega, ukimsema vile kwa mapenzi, niliona kosa langu limeshafungwa kwa ubavu hadi kwako.

Nilichojifunza ni kidogo, nakupa kama kilivyo. Ukiwa maabara, mtu asiye na shahada akikukunjia kitu mbele ya macho, tazama vidole vyake kabla hujafungua mdomo. Swali ukiambiwa halimo kwenye mtihani, liandike mahali. Na "sijui" iseme ukiwa bado mdogo, kwa maana ukishapewa daftari la katibu inakuwa ngumu.

Nilikuwa nimepanga kukupa barua hii kesho, mlangoni mwa basi, nikwambie usiifungue mpaka mmepita Shinyanga. Nilipofika hapa nikaona ujanja wangu. Wewe ungelia huko njiani, mimi na bibi tungerudi nyumbani kunywa chai, na yeye angebaki mwenye nyuzi zake. Ningekuwa nimempa tena mtu mwingine mzigo wangu aubebe mbali.

Kwa hiyo naiacha kalamu, natoka kwenda jikoni kumsomea.

*

Saa kumi na mbili kasoro.

Nimemsomea. Haikuwa kazi rahisi, maana hadithi hii nimeiandika kwa Kiswahili na mama yangu uchungu wake anausikia kwa Kisukuma. Pamba ni buluba, hiyo ilikuwa nyepesi. Polima sikuwa na neno lake. Nilimwambia vitu vidogo visivyoonekana vimeshikana mikono, jua likaja likaviachanisha. Akasema haya, endelea. Mikono yake ikaendelea kupukuchua mahindi, punje zikidondoka kwenye beseni, mpaka nilipofika pale ghalani, kwenye macho. Hapo akaacha.

Nilisoma mpaka mwisho wa ukurasa. Kisha nikangoja aniambie kuwa alijua, kwamba alinisitiri. Nilikuwa nimeshajiandaa kulia.

Akaniuliza, "Kwa hiyo macho yangu hayakuwa na kitu?"

Sikuelewa mara moja. Akarudia, polepole, kama anavyosema na mgeni. Alisema siku ile alitaka kuwaambia watu kwamba viroba nilileta mimi, lakini aliposikia habari ya macho akanyamaza, kwa sababu mimi nimesoma na huenda nimeona kitu ambacho yeye hakioni. Alikwenda nyumbani akajaribu kutunga uzi kwenye sindano. Ukagoma mara mbili, kama unavyomgomea mtu yeyote, akaona ni kweli. Sindano akampa jirani. Pamba akaiacha, akapanda viazi.

"Kiazi unakipata kwa mkono," akasema. "Hakihitaji macho."

Hakunisitiri, Kabula. Aliniamini.

Nilimwambia, "Hayakuwa na kitu, mayu. Nilisema uongo kwa kuogopa watu." Yeye hakuniambia kuwa amenisamehe, nami sikumuuliza. Mama yako alisimama na nguo zako mikononi, ametusikia yote, akarudi ndani. Huyo nitakuwa na kikao naye baadaye. Kesho stendi nitawaambia majirani watakaokuja kukusindikiza, kwa maneno machache, na Jumapili nitakwenda Ipililo kwenye kikundi. Wengi wa wale wanawake wa siku nne bado wapo. Wewe ukiingia usinionee huruma mbele yake.

Kuku walituzunguka mara kadhaa. Kisha bibi akasema mahindi yatangoja, nimletee ule ungo wa choroko.

Sitakudanganya kwamba anaona kama msichana. Vijiwe viwili vimempita, nimeviona, nimenyamaza. Lakini kingine amekipata, kidogo, cha rangi ile ile ya choroko, ambacho mimi nilikuwa nakitazama bila kukiona. Amekishika juu kwenye mwanga wa mlangoni, akakigeuza, kisha akanyoosha mkono akakiweka kwenye kiganja changu, bila kunitazama, akaendelea kuchagua.

Kopo utakalolikuta juu ya begi lako, choroko zilizomo kazichagua bibi yako.

Baba yako